Afya ya Jamii, Uuguzi au Takwimu: Shahada Ipi ya Kwanza kwa Anayetaka Kulinda Afya ya Wengi?

Mara nyingi anayeniuliza swali hili amemaliza sekondari na anaipenda kazi ya afya, ila kinachomvuta si kitanda cha mgonjwa mmoja. Anataka kujua kwa nini mtaa mzima unaharisha, au kwa nini watoto wa ng'ambo hii ya mto wamepata chanjo na wa ng'ambo ile hawajapata. Anafungua orodha ya kozi, anakutana na Shahada ya Afya ya Jamii, moyo unaruka. Kisha mjomba anamuuliza, "Ukimaliza hiyo utakuwa nani?" Naye anakosa la kumjibu.

Mjomba hakuuliza vibaya. Afya ya jamii ilianza kama somo la watu ambao tayari walikuwa na taaluma nyingine. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilipoanzisha shule yake ya afya ya jamii mwaka 1916 kule Marekani, ilikuwa ni ya kuwaendeleza madaktari na wataalamu wengine waliokwisha kusoma. Kwa miongo mingi ukitaka kuisoma ulikwenda ngazi ya uzamili. Mwaka 2003 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilikuwa bado inapendekeza kwamba wanafunzi wote wa shahada ya kwanza wapate nafasi ya kulisoma somo hili. Kwa hiyo shahada ya kwanza ya afya ya jamii ni changa ukiilinganisha na uuguzi, na bado wako waajiri ambao wakiona cheti chake huuliza, "Na kabla ya hapo ulisomea nini?"

Ndiyo maana anayetaka kazi hii ana njia tatu za kuingilia zinazostahili kuwekwa mezani: kusoma afya ya jamii moja kwa moja, kusoma uuguzi kwanza, au kusoma takwimu kwanza. Udaktari nimeuacha nje kwa makusudi, kwa sababu aliyepata nafasi ya udaktari na anaitaka ana swali tofauti. Mimi nilipita njia ya kwanza, na nimefanya kazi bega kwa bega na watu wa njia zote mbili nyingine. Nimeona kila moja inavyombeba mtu na inavyomwangusha.

Tunapima nini

Nitatumia vigezo vitano kwa kozi zote tatu. Cha kwanza ni kile utakachokuwa unafanya siku ya kawaida darasani, maana jina la kozi halikai na wewe miaka mitatu au minne, ratiba ndiyo inayokaa. Cha pili ni masomo wanayotaka ili wakupokee. Cha tatu ni kazi ya kwanza, pamoja na kama unatoka na leseni au unatoka na cheti tu. Cha nne ni mlango unaobaki wazi miaka mitano au kumi baadaye, hasa wa uzamili. Cha tano watu hukiruka, nami nakuomba usikiruke: uzito wa kazi yenyewe mwilini na moyoni.

Shahada ya Afya ya Jamii

*Darasani.* Kozi nyingi zimejengwa juu ya nguzo tano: epidemiolojia (yaani kuchunguza magonjwa yanavyoenea na kwa nini), takwimu za afya, afya ya mazingira, sera na uongozi wa huduma za afya, na sayansi ya jamii na tabia. Maelezo haya ni makavu, kwa hiyo nikuonyeshe somo lenyewe linavyokuwa.

Ni jioni ya tarehe 18 Aprili 1940, katika kaunti ya Oswego, jimbo la New York. Waumini wamekula chakula cha pamoja, na usiku huohuo watu wanaanza kutapika na kuharisha. Wachunguzi wanawahoji watu 75, na kati yao 46 wameugua. Mwalimu anakupa jedwali la nani alikula nini: nyama ya nguruwe, mchicha, viazi vya kuponda, keki, aiskrimu ya vanila, ya chokoleti, na vingine. Kazi yako ni kumtafuta mkosaji.

Anayeanza hukimbilia nyama. Waliokula nyama ni 46, na 29 wakaugua, yaani asilimia 63. Inatisha. Lakini mwalimu anakuuliza, je, wasiokula nyama? Walikuwa 29, wakaugua 17, karibu asilimia 59. Nyama haina kesi. Sasa njoo kwenye vanila: waliokula ni 54, wakaugua 43, sawa na asilimia 80 hivi. Wasioila ni 21, wakaugua 3 tu, asilimia 14. Aliyekula vanila alikuwa na hatari zaidi ya mara tano. Kesi hii ni ya zamani na bado inafundishwa, na mwanafunzi akishaielewa huwa hasahau tena kwamba kuwahesabu wagonjwa peke yao hakutoshi, ni lazima uulizie na wazima.

Ikiwa umesoma aya hiyo na umetaka kukokotoa ya viazi, hiyo ni dalili nzuri. Lakini si kila siku ni Oswego. Kuna siku nyingi za kusoma sera, kuandika mapendekezo ya mradi, kupanga dodoso na kujadili kwa nini watu hawatumii huduma iliyo mlangoni kwao. Upana huo ndio utamu wa kozi, na ndio udhaifu wake pia. Unagusa kila kitu, na usipokuwa makini unamaliza bila kuwa na kitu hata kimoja unachokifanya kwa ustadi.

*Kuingia.* Kwa kawaida wanataka biolojia, na hisabati ya kiasi. Vyuo vingi huwa na masharti mepesi kidogo kuliko kwenye kozi za tiba, na baadhi hupokea hata wa sayansi ya jamii.

*Kazi ya kwanza.* Hapa tusidanganyane. Wengi huanza kama wakusanyaji wa data, wasaidizi wa waratibu wa miradi, maofisa wa elimu ya afya, au katika kitengo cha ufuatiliaji na tathmini. Nyingi ya kazi hizo ni za mkataba, na mkataba hufuata uhai wa mradi. Katika nchi nyingi shahada hii peke yake haikupi leseni ya kumhudumia mgonjwa. Nakumbuka ndugu zangu walivyoniletea mtoto mwenye homa kali, nikalazimika kuwaambia wampeleke kituo cha afya mara moja, kwa sababu sikufundishwa kutibu. Waliniangalia kana kwamba nimewanyima kitu.

*Baadaye.* Uzamili uko wazi, na ukiwa na shahada hii unaweza kwenda epidemiolojia, lishe, sera au usimamizi. Angalizo langu ni moja: ukiunganisha moja kwa moja na uzamili wa afya ya jamii wa jumla, muhula wa kwanza utakuwa marudio matupu. Chagua uzamili wenye ncha, yaani unaolenga fani moja.

*Uzito.* Mwili hauchoki sana, moyo ndio huchoka kwa namna yake, kwa sababu mafanikio yako ni jambo ambalo halikutokea. Ndui ilipotokomezwa, mgonjwa wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, Oktoba 1977. Wahudumu waliwasaka watu aliokutana nao na kuwachanja maelfu wa pale mjini, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa umekwisha. Mtoto wa Merca ambaye hakuugua Novemba ile hakuna anayemjua kwa jina, wala yeye mwenyewe hakujua kwamba ameokolewa. Maalin baadaye alijitolea kwenye kampeni ya chanjo ya polio nchini kwake hadi alipofariki mwaka 2013. Ukihitaji kushukuriwa ili uendelee, kazi hii itakukausha.

*Inamfaa nani.* Anayependa kuunganisha mambo, anayeweza kuongea na mzee wa kijiji asubuhi na kuandika ripoti mchana, na aliye tayari kujiongezea ujuzi mmoja mzito nje ya ratiba.

Shahada ya Uuguzi

*Darasani.* Miili ya watu. Anatomia, fiziolojia, dawa na vipimo vyake, uuguzi wa watoto, wa wazazi, wa afya ya akili, na kwa kawaida somo la uuguzi wa jamii. Halafu wodini. Umoja wa Ulaya umeweka kwa nchi zake kiwango cha chini cha saa 4,600 za mafunzo ya muuguzi, na angalau nusu ya saa hizo ni za vitendo. Vyuo vya nchi nyingine vina hesabu zao, lakini uwiano huo unakupa picha: sehemu kubwa ya masomo yako utakuwa umesimama.

Kuna wanaodhani muuguzi hahusiki na takwimu wala na afya ya wengi. Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza wa karne ya 19, alirudi kutoka Vita vya Krimea akiwa na madaftari ya vifo, akaonyesha kwa michoro aliyoichapisha mwaka 1858 kwamba askari wengi zaidi walikufa kwa maradhi yanayozuilika kuliko kwa majeraha. Akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha wanatakwimu cha Uingereza. Aliyaona hayo kwa sababu alikuwa ndani ya wodi, na muuguzi wa leo naye huona mapema. Yeye ndiye anayegundua kwamba wiki hii ameingiza watoto sita kutoka kitongoji kimoja, kabla ripoti haijafika kwa yeyote.

*Kuingia.* Biolojia na kemia, na ushindani ni mkali. Sehemu nyingine wanakuhoji pia, na hawakosei kufanya hivyo.

*Kazi ya kwanza.* Hapa uuguzi unaziacha mbali zile nyingine mbili. Unasajiliwa, unapata leseni, na kila mtu anajua wewe ni nani. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilihesabu wauguzi karibu milioni 28 duniani, na ikakadiria upungufu wa milioni 5.9. Hiyo haimaanishi kwamba kila nchi ina bajeti ya kuwaajiri waliopo, kwa hiyo ulizia hali ya ajira kwenu. Lakini leseni ni kitu unachoweza kusimama juu yake, na mjomba anapata jibu lake siku hiyohiyo.

*Baadaye.* Muuguzi mwenye miaka mitatu ya kazi anayeomba uzamili wa afya ya jamii ni mwombaji mwenye nguvu, na akihitimu wenzake kwenye mradi humsikiliza, kwa kuwa anajua chanjo inavyoharibika friji likizimika usiku. Hatari iko kwingine: wodi ina njaa ya watu. Nimewaona wengi walioingia kwa nia ya kupita tu, wakapandishwa cheo, wakapewa majukumu, mwaka wa nane bado wanasema mwakani nitaomba. Tena si wote wanaojuta, wengine waligundua kwamba kumbe walikuwa wanapenda wodi muda wote.

*Uzito.* Ni mkubwa. Zamu za usiku, mgongo, kumfunika mtu uso na dakika kumi baadaye kumtabasamia mwingine. Usichague uuguzi kwa sababu ya leseni peke yake. Mgonjwa anamtambua muuguzi asiyetaka kuwa pale, na hastahili kufanyiwa hivyo.

*Inamfaa nani.* Anayeweza kumgusa mgonjwa bila kusitasita, anayehitaji kazi yenye uhakika mapema, na anayekubali kulifikia lengo la afya ya wengi kwa kuzunguka.

Shahada ya Takwimu

*Darasani.* Hisabati, na nyingi: kalkulasi, aljebra ya matriki, nadharia ya uwezekano, namna ya kuchukua sampuli, namna ya kujenga mlinganyo unaoonyesha jambo moja linavyobadilika kadiri jingine linavyobadilika. Halafu kompyuta. Miaka miwili ya mwanzo huenda usisikie neno "afya" hata mara moja, na hilo huwavunja moyo walioingia kwa ajili ya afya.

Lakini angalia kinachopatikana. Siku moja timu niliyokuwa nayo ilikuwa inashangaa kwa nini wastani wa umri wa akina mama waliojifungua umepanda ghafla. Tulianza kubuni sababu: pengine ndoa zimechelewa, pengine wasichana wanabaki shule. Kijana wa takwimu akafungua faili, akapanga safu ya umri kutoka mkubwa kwenda mdogo, akatuonyesha: 99, 99, 99, 99. Mkusanyaji mmoja alikuwa anaandika 99 pale mama asipojua umri wake. Nusu saa ya nadharia zetu ikaisha kwa kubofya mara moja. Sisi wengine tulikuwa na uelewa wa jamii, yeye alikuwa na mazoea ya kutoiamini namba kabla hajaiona ilikotoka.

Na tangu zamani watu wa namna hii wamekuwa ndani ya afya. Austin Bradford Hill alitaka kusomea udaktari, kifua kikuu alichokipata wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kikamzuia. Akiwa mgonjwa alisoma uchumi kwa njia ya posta na kupata shahada ya Chuo Kikuu cha London, kisha akaingia kwenye takwimu za tiba. Ndiye aliyesimamia mpango wa jaribio la dawa ya streptomaisini lililochapishwa mwaka 1948, dawa dhidi ya ugonjwa uleule uliomnyima udaktari, ambapo nani apewe dawa na nani asipewe kuliamuliwa kwa bahati nasibu. Mwaka 1950, yeye na daktari Richard Doll wakachapisha utafiti ulioihusisha sigara na saratani ya mapafu. Wawili hao wanasema kitu kuhusu njia zote hizi: mmoja alijua kuhesabu, mwingine alijua tiba.

*Kuingia.* Alama nzuri za hisabati, hakuna njia ya mkato. Biolojia mara nyingi haiulizwi.

*Kazi ya kwanza.* Leseni hakuna, lakini ujuzi unaonekana kwa macho: unapewa data, unatoa jibu. Benki, kampuni za bima, idara za serikali za takwimu na vituo vya utafiti vyote vinakutaka. Tatizo ni kwamba huenda benki ikakutaka kabla afya haijakutaka, nayo ikakulipa vizuri zaidi.

*Baadaye.* Uzamili wa takwimu za afya au epidemiolojia hupokea watu hawa kwa mikono miwili. Kitakachokupungukia ni ugonjwa wenyewe, yaani unavyoenea, unavyofichwa na familia, na kwa nini mtu anamdanganya mhoji. Hayo unaweza kuyajifunza, ila ujifunze kwa unyenyekevu.

*Uzito.* Ni kazi ya kukaa na kufikiri. Inachosha macho, na wakati mwingine inamtenga mtu na wale anaowafanyia kazi.

*Inamfaa nani.* Anayepata raha ya kweli hesabu ikikaa sawa. Nasema raha ya kweli, maana anayevumilia hisabati kwa ajili ya kesho nzuri mara nyingi hafiki mwaka wa tatu.

Kabla hujaamua: jina moja, kozi mbili

Kozi mbili zinazoitwa "Afya ya Jamii" zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa. Moja ina mihula mitatu ya takwimu, nyingine ina somo moja la utangulizi. Moja imeegemea afya ya mazingira, ukaguzi wa maji, taka na majengo, na wahitimu wake hupata usajili wa kitaaluma katika baadhi ya nchi. Nyingine imeegemea sayansi ya jamii na haina usajili wowote. Usisome kipeperushi. Omba orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, uhesabu ni mangapi ya takwimu na ni wiki ngapi za mafunzo kwa vitendo. Kisha mtafute aliyemaliza mwaka jana umuulize cheo kilichoandikwa kwenye mkataba wake.

Kwa hali yako

Kama nyumbani wanakutegemea uanze kusaidia mara tu ukihitimu, na huogopi wodi, uuguzi kwanza una akili zaidi. Jiwekee mwaka wa kuomba uzamili na umwambie mtu mwingine mwaka huo, ili akukumbushe wodi itakapokumeza.

Kama unaogopa damu au unajua huwezi kukesha, usijilazimishe. Baki kati ya afya ya jamii na takwimu, na hisabati ndiyo ikuamulie.

Kama hisabati ni nguvu yako lakini unaogopa kupotelea benki, soma takwimu na uchague mada ya afya kwenye utafiti wako wa mwaka wa mwisho. Omba mafunzo kwa vitendo kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa hata kama wanalipa kidogo.

Kama umesoma sanaa na hesabu zako ni za wastani, tafuta kozi ya afya ya jamii inayokupokea, kisha tangu mwaka wa kwanza jifunze programu moja ya kuchambua data mpaka uijue kwelikweli. Programu ya R haina malipo, na mafunzo ya kuitumia yamejaa kwenye intaneti.

Kama tayari ni muuguzi, mfamasia au mtu wa maabara mwenye stashahada, pima vizuri kabla ya kurudi kuanza shahada ya afya ya jamii. Mara nyingi kupanda kwanza kwenye shahada ya taaluma yako ndiko kunakofungua mlango wa uzamili bila kuiacha leseni uliyoitolea jasho.

Na kama umekwisha kupata nafasi ya afya ya jamii, umeripoti chuoni, na mjomba bado anauliza, usihame kwa hofu. Subiri mtihani wa kwanza wa epidemiolojia. Ukiona unarudia maswali ambayo hukulazimishwa kuyarudia, kaa hapohapo, na anza mapema kuchagua ncha utakayoinoa kwenye uzamili.